Herufi, Mistari na Sikio la Fundi

Mwanakwaya na mpiga fidla huweza kuujua wimbo mmoja, na bado kila mmoja akashindwa kuisoma karatasi ya mwenziwe. Mmoja amefunzwa kwa herufi, mwengine kwa mistari mitano.

Mistari ndiyo mikongwe. Katika karne ya 11, Guido, mtawa wa Arezzo huko Italia, alizipanga sauti juu ya mistari ili wanafunzi wake waimbe wimbo wasiopata kuusikia. Jicho huiona sauti ikipanda na kushuka, na ala nyingi huweza kuandikwa pamoja. Lakini alama zake ni nyingi, na anayeanza huchoka kabla hajafungua kinywa.

Katika karne ya 19, mwalimu Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, alitumia herufi za mwanzo za do, re, mi na wenziwe. Mchungaji John Curwen akaurekebisha mfumo huo na kuueneza. Humo do ni nyumbani kwa wimbo, popote uanzapo. Tena herufi, nukta na vistari vilichapika kwa mtambo wowote, kwa gharama ndogo. Ndipo wamisionari wakaufikisha Afrika. Kwa herufi hizo Enoch Sontonga wa Johannesburg aliandika, mwaka 1897, wimbo ambao lahani yake leo ni ya wimbo wa taifa wa Tanzania. Hata hivyo, wimbo unapohamahama nyumbani, herufi humchanganya msomaji.

Taarabu huipima mifumo yote miwili. Maqam kama Rast na Bayati zina sauti zilizo baina ya zile saba. Herufi hazina pa kuziweka. Mistari huziazimia alama ya kushushia sauti iliyokatwa kistari. Ishuke kiasi gani? Alama haisemi.

Wapenzi wa ushairi wanalijua jambo hili. Tenzi za kale ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo kwa kawaida hazikutenganisha e na i, wala o na u. Msomaji aliokolewa na vina, mizani na kumbukumbu.

Tangu 2002, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, Unguja, kimeiweka taarabu darasani. Mwanafunzi na ajifunze mistari, lakini asiache kukaa karibu na fundi. Kwani fundi akiondoka bila mrithi, karatasi itahifadhi lahani na kuipoteza ladha yake.