Mkenda, Kivuko cha Ruvuma

Mto Ruvuma huanzia katika milima ya Matogoro, karibu na mji wa Songea. Hapo ni kijito tu. Huelekea kwanza magharibi, ukageuka kusini, na baada ya kupokea maji ya mito mingine hushika njia ndefu ya mashariki hadi Bahari ya Hindi. Karibu na mgeuko huo wa pili, kilomita zipatazo 120 kwa barabara itokayo Likuyufusi, ndipo ilipo Mkenda. Mtu asimamaye hapo huiona Msumbiji kama aonavyo shamba la jirani.

Si mbali na hapo mto Msinje huingia Ruvuma. Jina la kijito hicho limo katika mapatano ya Ujerumani na Ureno ya mwaka 1886. Ilikubaliwa kwamba mpaka ufuate Ruvuma kutoka baharini hadi maungano ya mito hiyo miwili, kisha upigwe mstari ulionyooka mpaka Ziwa Nyasa. Waliotia saini hawakuwahi kunywa maji ya Msinje. Wala hawakuwauliza Wayao, Wangoni na wenyeji wengine, ambao kwao mto ulikuwa mahali pa kuvulia samaki na kuvukia, wenye ndugu ng'ambo zote mbili.

Kuvuka huko ni kwa zamani. Katika miaka ya 1860 Wangoni wa Maseko waliokuwa wamekaa Songea walishindwa vitani na Wangoni wenzao, na baada ya kiongozi wao Mputa kuuawa walirudi kusini, wakauvuka Ruvuma. Vita vya Maji Maji viliwavusha wengine. Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906. Majeshi ya Wajerumani yakachoma vyakula na mashamba, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Nkosi Chabruma wa Mshope alikimbilia nchi iliyotawaliwa na Wareno, akauawa huko. Tunapenda jambo hili likumbukwe vema darasani: wakimbizi wa kwanza wa mpaka huu walikuwa watu wetu, na walikimbilia kusini.

Deni hilo lilidaiwa baada ya miaka 58. Tarehe 25 Septemba 1964 Frelimo ilianza vita vya ukombozi, na watu wa Niassa wakaanza kuja kaskazini, wakiwa na watoto mgongoni na vyungu kichwani. Serikali ya Tanzania iliwapa ardhi. Muhukuru, katika njia hiyo hiyo ya Mkenda, ikawa mojawapo ya makazi yao, na Lundo, karibu na Ziwa Nyasa, ikawa mengine. Wakati wakimbizi wakija, wapiganaji walikuwa wakienda. Ukarimu huo haukuwa wa bure, kwa maana vijiji kadhaa vya ukingo wa Ruvuma vilionja mabomu ya Wareno.

Vitabu vyetu huwataja viongozi, na ni haki. Lakini hakuna kiongozi aliyeupita Ruvuma wa masika kwa hotuba. Palihitajika mwenye mtumbwi ajuaye mkondo na makao ya mamba, na majina ya watu hao hatukuyaandika. Huo ni uzembe wetu sisi tushikao kalamu.

Mwezi Julai 1968 Frelimo ilifanya Mkutano Mkuu wake wa Pili ng'ambo ya pili, huko Matchedje, katika nchi iliyokwisha kombolewa. Eduardo Mondlane alichaguliwa tena kuwa Rais. Hakuishi hata mwaka, kwani aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Uhuru ulipatikana tarehe 25 Juni 1975, wakimbizi wakarejea kwao. Vita vya ndani vilivyofuata, ambavyo havikumalizika hadi mapatano ya Roma ya Oktoba 1992, viliwarudisha wengi kwetu mara ya pili.

Katika muongo wa kwanza wa karne hii lilijengwa daraja, na maofisa wa forodha na uhamiaji wana ofisi zao hapo. Ng'ambo ya daraja, upande wa Niassa, mahali pa kwanza panaitwa Segundo Congresso, yaani Mkutano Mkuu wa Pili. Upande wetu pangali panaitwa Mkenda.