Intel na AMD: Vita vya panzi, furaha ya kunguru

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Laptopu za Windows zinazofika madukani kwetu, karibu zote zina prosesa ya Intel au ya AMD, kampuni mbili za Marekani zinazogombea soko moja. Hapa Mutomo, Kitui, ninakofanya kazi, laptopu nyingi ninazoziona ni za mtumba, na mnunuzi hutazama stika kwanza. Ndugu msomaji wa pwani, najua huko nako ni vivyo hivyo.

Intel ilianzishwa mwaka 1968, AMD mwaka 1969. IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo mwaka 1981 ilitumia prosesa ya Intel, lakini haikutaka kumtegemea muuzaji mmoja. Ndipo Intel ikairuhusu AMD kutengeneza prosesa za aina hiyo. Baadaye wakagombana na kufikishana mahakamani, ila AMD haikutoka sokoni.

Kwa miaka mingi Intel ndiyo iliyotamba. Mwaka 2009 Tume ya Ulaya iliitoza faini ya euro bilioni 1.06, ikisema iliwapa watengenezaji wa kompyuta punguzo ili wasinunue kwa mpinzani. Mahakama ilibatilisha faini hiyo mwaka 2022. Hata hivyo, mwaka huo huo wa 2009 Intel ilikubali kuilipa AMD dola bilioni 1.25 kumaliza kesi zao.

Mwaka 2017 AMD ilileta Ryzen. Mwaka huo huo Intel, ambayo laptopu zake nyembamba zilizoea prosesa zenye viini viwili, ilitoa kizazi cha 8 chenye viini vinne. Kiini ni sehemu ya prosesa inayofanya hesabu. Vikiongezeka, kazi nyingi hufanyika kwa pamoja. Mimi naamini haikuwa sadfa. Panzi wakipigana, kunguru hushiba.

Lakini kunguru naye sharti ajue kuokota. Core i7-7500U ina viini viwili; Core i5-8250U, ya kizazi kilichofuata, ina vinne. Anayelipa zaidi kwa sababu ya jina i7 huenda akaondoka na mashine dhaifu.

Basi soma namba. Kwa Intel, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi. Ikianza na 1, zisome tarakimu mbili za kwanza. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida hutaka Intel kuanzia kizazi cha 8. Kwa laptopu za Ryzen, tafuta namba inayoanza na 3 au zaidi.

Stika hubandukika na kubandikwa tena. Mwombe muuzaji aiwashe mashine, ufungue sehemu ya mipangilio, usome jina kamili la prosesa kabla ya kutoa pesa.