Mkweche Ulioshinda Safari ya 1965

Mtu akinunua gari kuukuu, majirani humuuliza bei. Swali lenye maana ni jingine: litafika? Kulizungusha mtaani si kazi. Shughuli ni ile safari ndefu ya kwanza, mlima uko mbele na gereji iko mbali.

Wakumbukeni Joginder Singh na nduguye Jaswant. Pasaka ya mwaka 1965 waliingia mashindano ya East African Safari kwa Volvo PV544 waliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Tena kutumika kwenyewe hakukuwa kwa kwendea kazini na kurudi. Lilikuwa gari la timu ya kampuni, likapigishwa Safari ya 1964, kisha likauzwa. Hata umbo lake lilikuwa la kizamani kwa siku zile: mgongo wa kobe, wa ukoo wa PV444 iliyoonyeshwa Stockholm mwaka 1944.

Na Safari haikuwa na huruma kwa gari jipya, sembuse kuukuu. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanzania, maelfu ya kilomita, vumbi hapa, tope kule. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu.

Basi ndugu hawa walitegemea nini? Joginder, mzaliwa wa Kericho, alikuwa makanika tangu ujanani. Baadaye aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi yake kuzunguka barabarani akiwasaidia wanachama walioharibikiwa. Mtu wa namna hiyo huyajua magonjwa ya gari kama mganga: wapi springi hukatika, wapi rejeta huchemka, mlio upi wa kupuuza na upi wa kusimamia. Mwenye gari jipya huamini kiwanda. Mwenye kuukuu hana budi kuijua kila nati, na kwa maoni yangu huyo wa pili ndiye aliyejiandaa zaidi, ingawa wauza magari hawatapenda kusikia hivyo.

Mkweche ule ulirudi Nairobi wa kwanza katika matokeo, ukiziacha timu za viwanda kwa zaidi ya saa nzima. Joginder, ambaye watu walimwita Simba, alishinda tena mwaka 1974 na 1976, safari hizo kwa Mitsubishi.

Ama PV544, Oktoba ya mwaka uleule wa 1965, kiwanda kilitoa la mwisho.