Chombo Hakiendi ila kwa Nyenzo: Historia ya Mashua ya Wanafunzi

Kamati iliniomba niandike historia ya chama chetu katika kijitabu hiki cha miaka kumi. Habari za hisa na mikopo ameziandika mhazini kwenye kurasa zake, sitazirudia. Mimi nitaandika juu ya mashua ya wanafunzi, kwa sababu ndiyo iliyotukutanisha na ndiyo iliyotaka kutuvunja. Watoto wa leo wanaiona imefungwa gatini wanadhani ilikuja tu yenyewe. Haikuja yenyewe.

ZAMANI ZA BARAZA

Wazee wanatwambia kwamba baada ya Uhuru mwaka 1963 shule ya msingi ilikuwa mkononi mwa baraza la kaunti. Ukimkuta diwani sokoni unamuuliza habari ya paa na madawati, naye hana pa kukimbilia. Kisha Bunge likapitisha sheria mwaka 1969, na kuanzia mwaka 1970 mabaraza ya kaunti yakaondolewa mambo matatu makubwa: elimu ya msingi, afya na barabara. Yote yakachukuliwa na Serikali Kuu. Manispaa ndizo zilizoachiwa. Baraza letu likabaki na soko na ushuru, na fedha kidogo. Basi lile neno "shule si yetu", ambalo tumelisikia mpaka masikio yakachoka, mzizi wake uko hapo. Halikuanzia kwa hawa maofisa wa sasa.

Mimi nilianza darasa la kwanza mwaka 1977. Mwaka 1979 Serikali ilianzisha maziwa ya shule, tukayaita maziwa ya Nyayo, na sisi yakitufikia yalikuja na mashua ya samaki. Maziwa yalivushwa bahari yatufuate. Lakini mtoto kuvushwa aifuate shule, hilo hakuna aliyelifikiria.

Mwaka 1983 nilifanya mtihani wa C.P.E. nikapita, nikaitwa shule ya sekondari ng'ambo. Baba alikuwa mvuvi. Karo ilikuwa nzito, ila angejikaza. Kilichomshinda ni njia. Hapakuwa na chombo cha kila siku, na kulala kwa watu hakutaka, kwa kuwa mimi ni mtoto wa kike. Kaka yangu alipoitwa alikaa kwa mjomba akamaliza. Sisemi haya kwa kumlaumu marehemu baba. Nasema ili mjue kwamba mwandishi wa maneno haya ameishia darasa la saba kwa sababu ya maji yasiyozidi mwendo wa nusu saa.

ELIMU YA BURE NA NAULI YA KULIPA

Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bure, Serikali ikatoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Mwaka 2008 ikaja zamu ya sekondari za kutwa, shilingi 10,265 kwa mwanafunzi. Mwaka 2018 zikapandishwa hadi 22,244, na ikaamriwa kila anayemaliza darasa la nane lazima aingie kidato cha kwanza. Tulishangilia, na ilikuwa haki kushangilia.

Lakini fanyeni hesabu nami. Fedha hizo zinaenda shuleni, hazimfuati mtoto baharini. Wakati tunaanza chama, nauli ilikuwa shilingi 50 kwenda na 50 kurudi. Siku tano ni shilingi 500. Tukishika wiki kumi na mbili kwa muhula ni shilingi 6,000, na mihula mitatu ni 18,000. Yaani mama wa kisiwani alilipa nauli kupita zile 10,265 ambazo Serikali ilitoa kumsomesha mtoto mwaka mzima. Halafu anaambiwa elimu ni bure! Mwenye watoto wawili huchagua mmoja, na mnajua huchaguliwa nani.

KUSI YA MWAKA 2015

Juni 2015 bahari ilikuwa chafu. Mtumbwi uliobeba watoto wetu uliingia maji karibu na mkondo. Nahodha alikuwa kijana tu, hakuna hata jaketi moja la kuokolea maisha. Wavuvi waliokuwa wanarudi ndio waliowaokota. Alhamdulillahi, hakufa mtu. Vitabu vilikwenda, na wasichana watatu hawakurudi shule tena. Mmoja aliolewa kabla ya mwaka kwisha.

Tulikutana chini ya mkungu, wanawake kumi na tisa, tukalia kwanza. Kisha mmoja wetu akasema, kulia tumeshalia, sasa tutoe nini? Tukaanza na shilingi 50 kwa wiki kila mtu. Hicho ndicho chama mnachokiona leo. Wengine wanadhani tulianza kwa ajili ya kukopeshana mtaji wa viazi na maandazi. Hapana, mtaji ulifuata baadaye.

FAHALI WAWILI

Mwaka 2016 tulichagua watu watano tukaanza kuzunguka maofisini. Ofisi ya kwanza, ya kaunti, tulipokewa vizuri, tukaambiwa: "Mama zangu, sisi Katiba imetupa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Sekondari ni ya Serikali ya Taifa." Ofisi ya pili, ya Serikali ya Taifa, nako tulipokewa vizuri: "Sisi tuna walimu na madarasa. Mambo ya vyombo vya kuvukia ni ya kaunti." Ofisi ya tatu walitwambia wanaweza kufikiria kununua boti, lakini mafuta na mshahara wa nahodha si kazi yao. Boti bila mafuta ni pambo la ufukweni. Tukarudi nyumbani.

Tulizunguka hivyo karibu mwaka mzima. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na nyasi wenyewe walikuwa wakivuka kila alfajiri kwa mtumbwi ule ule.

Jambo moja liliniuma sana. Nilikwenda Mombasa kwa matibabu nikavuka feri ya Likoni. Pale mwenda kwa miguu havukii kwa nauli. Mwanafunzi na sare yake anaingia, mchuuzi na kapu lake anaingia, wote bure. Nikajiuliza, maji ya Likoni yana nini ambacho maji yetu hayana? Lakini pale pale nilikumbuka feri ya Mtongwe iliyopinduka tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 wakafa. Nikasema moyoni, tusidai chombo chochote tu kielee. Tudai chombo kilichokaguliwa, chenye jaketi, na chenye idadi yake ya abiria isiyozidishwa.

MWALIMU NA KATIBA

Msaada ulitoka kwa mwalimu mmoja mstaafu wa hapa hapa. Alikuja kwenye mkutano wetu na Katiba ya mwaka 2010 ya Kiswahili, akatusomea Jedwali la Nne polepole. Kweli, kaunti ina chekechea na vyuo vya ufundi. Kweli, sekondari ni ya Taifa. Lakini akasoma mbele: chini ya usafiri, kaunti imepewa vivuko na bandari, isipokuwa zile habari za meli za kitaifa na kimataifa.

Akafunga kitabu akatuuliza, "Nyinyi mnaomba nini?" Tukajibu, boti ya shule. Akasema, "Hapo ndipo mnapowapa mlango wa kutokea. Ukitaja shule, huyu anakusukuma kwa yule. Ombeni kivuko cha umma. Kivuko ni cha kaunti, awe amepanda mwanafunzi au kuku."

Tulicheka, lakini tulielewa. Na tulipobadilisha ombi tuliona faida nyingine tusiyoitarajia. Mpaka hapo tulikuwa mama wa wanafunzi peke yetu. Sasa wavuvi walitaka kupeleka samaki mapema, wakatuunga mkono. Mkunga wa kijiji akatuunga mkono kwa ajili ya waja wazito. Wazee wa msikiti waliokuwa wanatutazama kwa mbali wakaja.

Mhazini wetu alikaa gatini wiki mbili na daftari, akaandika kila anayevuka: wanafunzi, wagonjwa, wachuuzi, na saa ya maji kujaa na kupwa. Mwaka 2017 wananchi walipoitwa kutoa maoni juu ya mpango wa kaunti wa miaka mitano, ule wa 2018 hadi 2022, tulivuka wanawake thelathini na lile daftari. Mwakilishi mmoja wa bara akasimama akauliza kwa nini kisiwa kipewe boti na wadi yake haina barabara. Swali lake halikuwa baya, naye ana watu wake. Tulimjibu kwamba barabara yetu ni maji, na hatuombi mbili. Alikaa kimya, na baadaye alipiga kura pamoja nasi.

Boti ilifika Agosti 2019. Hiyo siku sina haja ya kuieleza, mlikuwepo.

MWAKA TULIOTAKA KUVUNJIKA

Chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Mafuta ya kaunti yalikuja mihula miwili. Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, boti ikakaa, chumvi ikaingia kwenye injini. Shule zilipofunguliwa kwa wote Januari 2021, fungu la mafuta halikuwepo na injini haikuwaka. Watoto wakarudi kwenye mtumbwi.

Hapa lazima niseme kosa langu, kwa sababu historia ikiandikwa na mwenyekiti huwa tamu kupita kiasi. Nilimwita fundi nikamuahidi fedha za chama kabla ya kuwauliza wanachama. Nilifikiri kila mtu atakubali. Mkutano ulikuwa mchungu. Wale ambao watoto wao wamekua, au hawana mtoto wa shule, walisema akiba yao si sanduku la sadaka. Walikuwa na haki. Hisa ni jasho la mtu. Wanachama wanne walitoka. Wawili wamerudi, na wawili hatujawapata, nami nawaomba radhi kupitia ukurasa huu.

Tuliyokubaliana mwishowe ndiyo yanayotuongoza hadi leo. Fedha za injini zilitolewa kama mkopo wala si zawadi, na zilirudishwa zote. Mwaka 2022 kaunti ikakubali kwa maandishi kulipa nahodha na ukaguzi wa chombo. Abiria mzima analipa kama kawaida, mwanafunzi analipa shilingi 20 za mafuta, na mtoto asiye na uwezo anapanda bila kulipa, jina lake halisomwi mbele ya watu. Hesabu hubandikwa gatini kila mwisho wa mwezi. Mtu yeyote asome.

TULIPO SASA

Msidhani mambo yamekwisha. Tangu Januari 2023 sekondari msingi ya mtaala mpya iko ndani ya shule za msingi, kwa hiyo watoto wa gredi ya 7 hadi ya 9 wanasoma hapa hapa. Ni nafuu kubwa kwa wadogo. Lakini gredi ya 10, iliyopangwa kuanza Januari 2026, iko ng'ambo, na watakaovuka ni wale wale wasichana wa umri ule ule ambao bahari ilinikatia mimi.

Tena karatasi ya kaunti huandikwa upya kila bajeti. Afisa akihamishwa tunaanza salamu upya. Tunachotaka sasa ni serikali zote mbili ziketi meza moja. Katiba yenyewe, kifungu cha 187, inaruhusu serikali moja kuipa nyingine kazi kwa mapatano. Basi wapatane, waandike nani analipa mafuta ya mwanafunzi, watuachie sisi kazi yetu ya kulea na kuweka akiba. Chama cha akina mama kinaweza kusaidia kivuko. Hakiwezi kuwa serikali.

Nimalizie kwa hili. Nilisema wasichana watatu hawakurudi shule mwaka 2015. Yule aliyeolewa leo ni mwanachama wetu, analeta hisa yake kila wiki bila kukosa. Ana mtoto wa kike anayesoma shule ya msingi hapa kisiwani. Mwezi uliopita alinishika mkono baada ya mkutano akaniuliza, "Mama, huyu wangu akifika gredi ya kumi, boti itakuwepo?"

Sikumjibu ndiyo, kwa sababu sijui. Nilimwambia achukue lile daftari la mhazini, ajifunze kuhesabu abiria. Ameshaanza. Siku za Jumatatu mtamkuta gatini.



Mwenyekiti wenu.