Nusu Karne ya Kuitabiri Transista

Fundi wa redio akiunganisha waya pasipo pake, huuchomoa akaurudishia mahali. Mbunifu wa chipu hana nafasi hiyo. Akishapeleka mchoro wake kiwandani, hupita miezi kabla chipu haijamfikia mkononi, na kwa teknolojia za kisasa gharama ya duru moja huhesabiwa kwa mamilioni ya dola. Kosa likionekana hapo, hakuna koleo linaloweza kufika ndani ya kipande cha silikoni. Ndiyo maana kila saketi hujaribiwa kwanza kwenye kompyuta, kwa programu inayokokotoa volteji na mkondo wa umeme katika kila kiungo chake. Usahihi wa programu hizo una historia ndefu, na sura yake ya leo, ambamo mashine hujifunza tabia ya transista kutokana na vipimo, ilianza zamani kuliko wengi wanavyodhani.

Chimbuko lenyewe ni darasani. Katika mwaka wa masomo wa 1969/1970, Profesa Ronald Rohrer wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliwapa wanafunzi wake kazi ya kuandika programu ya kuigiza saketi. Sharti lilikuwa zito: mwenzake Donald Pederson akiikubali, wote wamefaulu, akiikataa, wote wameanguka. Pederson aliikubali. Programu ikaitwa CANCER, na mwanafunzi Laurence Nagel ndiye aliyeendelea kuinoa. Kirefu cha jina hilo kilitamka wazi kwamba haishughuliki na mionzi. Enzi hizo programu nyingi za aina hiyo zilifadhiliwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, iliyotaka kujua kama saketi zitastahimili mionzi ya nyuklia, na watu wa Berkeley walichagua njia nyingine.

Rohrer alipoondoka, Nagel alibaki na Pederson, ambaye alishikilia jambo moja: programu mpya iwe mali ya umma. Ilipewa jina SPICE na kutambulishwa Waterloo, Kanada, mwezi Aprili 1973. SPICE2 ikafuata mwaka 1975 katika tasnifu ya udaktari ya Nagel. Aliyeitaka aliipata, na wahitimu wa Berkeley waliondoka nayo kwenda viwandani. Kwangu mimi, msimamo huo wa Pederson una uzito sawa na hesabu zote zilizomo ndani ya programu. Kampuni zilijenga matoleo yao ya kuuza juu ya msingi uleule, na hata leo mwanafunzi wa uhandisi wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kupakua ngspice, kizazi cha moja kwa moja cha kazi hiyo, bila kulipa senti.

Akiifungua atakuta mambo ya miaka ile yamehifadhiwa. Kila kifaa kina mstari wake. Mstari unaosomeka R1 1 2 1K maana yake ni rezista ya kwanza, iliyounganishwa kati ya kiungo namba 1 na namba 2, yenye ukinzani wa kilo-omu moja. Mhandisi wa mwaka 1973 alitoboa mstari huo kwenye kadi ya karatasi. Wa leo anauandika vilevile kwenye faili.

Programu ikishasoma mistari yote, hutumia kanuni za Kirchhoff: mikondo yote inayoingia kwenye kiungo lazima ilingane na inayotoka. Kwa kuwa transista hazifuati mstari ulionyooka, jibu halipatikani kwa mkupuo. Programu hukisia volteji, hupima kosa, husahihisha, hukisia tena, mpaka hesabu zikubaliane. Njia hiyo imethibitika. Shaka huingia kwingine. Kompyuta haijui transista ni nini. Inajua tu fomula iliyopewa, ambayo wahandisi huiita modeli. Fomula ikipotoka, kompyuta itatoa jibu potofu kwa uhakika mkubwa.

Kwa hiyo historia ya usahihi wa SPICE kwa sehemu kubwa ni historia ya modeli. Mwaka 1968 Shichman na Hodges walitoa fomula fupi ya transista za MOS, na mwaka 1970 Gummel na Poon wa Bell Labs wakatoa ya transista za baipola. Kisha kukazuka tatizo ambalo halikutarajiwa. Modeli ya Meyer, ya mwaka 1971, ilikadiria uwezo wa transista kutunza chaji, lakini katika saketi zinazotegemea chaji iliyotunzwa, kama zile za kumbukumbu, hesabu ilionyesha chaji ikipotea au ikizuka yenyewe bila chanzo. Tiba ilitoka Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1978, pale Ward na Dutton walipoandika fomula zinazoihesabu chaji yenyewe. Kisa hicho kingerudi kuwasumbua watu wengine kabisa miongo kadhaa baadaye.

Transista zilivyozidi kuwa ndogo, fomula zilizidi kurefuka. Berkeley ilitoa familia ya modeli iitwayo BSIM, na toleo lake BSIM3v3 likawa kiwango cha sekta nzima mwaka 1996. Modeli za familia hiyo zina mamia ya vigezo, na kila kiwanda kinapoanzisha teknolojia mpya, wataalamu hukaa na vipimo wakirekebisha vigezo hivyo mpaka mistari ya modeli ikae juu ya nukta za maabara.

Kumbe wapo waliokwisha kujiuliza kama kazi hiyo haiwezi kuachiwa mashine. Mwaka 1992 Vančo Litovski na wenzake wa Chuo Kikuu cha Niš, Serbia, walichapisha makala fupi kuhusu kuigiza transista ya MOS kwa mtandao wa neva bandia. Mwaka 1996 Peter Meijer wa maabara ya Philips, Eindhoven, Uholanzi, alitetea tasnifu iliyokwenda mbali zaidi: kila neva katika mtandao wake ilikuwa na mlinganyo wake wa mabadiliko ya wakati, ili mtandao ujifunze pia jinsi kifaa kinavyochelewa kuitikia. Kule Chuo Kikuu cha Carleton, Ottawa, Q. J. Zhang alifanya kazi kama hiyo kwa vifaa vya mawimbi ya maikrowevu.

Mbona basi hayakuenea? Sababu zinaonekana kwa kuitazama hata daiodi moja tu. Kwanza, katika joto la kawaida mkondo wa daiodi nzuri huongezeka takriban mara 10 kwa kila milivolti 60. Kutoka pikoampea moja hadi miliampea moja ni mara bilioni moja. Mtandao ukifundishwa kupunguza kosa la kawaida, utajitahidi kwenye mikondo mikubwa na kuisahau midogo, ambayo ndiyo inayomaliza betri ya simu ikiwa imelala. Pili, volteji ikiwa sifuri mkondo lazima uwe sifuri. Mtandao usiojua sheria hiyo hutoa mkondo mdogo hata hapo, na tayari una kifaa kinachozalisha umeme bure. Tatu, programu inapokisia, huweza kujaribu volti 5 kwenye transista iliyopimwa hadi volti 1. Huko mtandao haujawahi kufika. Ukitoa jibu la ovyo, hesabu nzima hukwama.

Kilichoiokoa njia hii ni kurudisha fizikia ndani ya mtandao. Mikondo hufundishwa kwa logarithimu ili midogo ipate haki yake. Jibu la mtandao huzidishwa na tofauti ya volteji, hivyo sifuri hubaki sifuri. Mtandao wa pili hufundishwa chaji yenyewe badala ya uwezo wa kuitunza, somo lilelile la Ward na Dutton. Mwaka 2021 watafiti wa Samsung walichapisha utaratibu kamili wa kuunda modeli za transista za kisasa kwa mtandao wa neva. Maabara ya Sandia ya Marekani nayo imejifunza modeli za daiodi kutokana na data kwa ajili ya programu yake Xyce, na watafiti wake wakashughulikia pia mikondo inayozuka mionzi inapopiga silikoni, jambo ambalo fomula za kawaida hulibeba kwa taabu.

Na Berkeley yenyewe haikubaki nyuma. Chenming Hu, mmoja wa waliobuni transista ya FinFET mwaka 1999 na aliyeongoza timu ya BSIM kwa miaka mingi, alichapisha pamoja na Chien-Ting Tung mwaka 2023 mfumo wa BSIM uliojengwa juu ya mtandao wa neva, unaojumuisha mikondo, chaji na tofauti kati ya transista moja na nyingine. Mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuandika fomula kwa mkono ni miongoni mwa wanaoifundisha mashine kuziandika, na anaifundisha kwa masharti ya fizikia ileile.