Ukumbi wa Mazoezi kama Taasisi: Ushairi na Majaribio ya Jukwaani katika Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, 1965–1984

Utangulizi

Historia ya fasihi ya Kiswahili imeandikwa zaidi kwa kufuata vitabu. Mwaka wa tamthilia huhesabiwa kuwa ule iliochapwa, na mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970 husimuliwa kana kwamba ulipiganwa na diwani peke yake. Makala hii inafuata njia tofauti: inachunguza ukumbi mdogo wa chuo kikuu, mahali ambapo mashairi yalisomwa kwa sauti na michezo ikajaribiwa mbele ya wanafunzi, walimu na wageni. Hoja yetu ni kwamba ukumbi wa aina hiyo ulikuwa na kazi ambayo jumba la taifa la maonyesho na kampuni ya uchapishaji havikuweza kuifanya, yaani kuiruhusu kazi isiyokamilika isikike hadharani. Tunaipima hoja hiyo kwa mifano ya Makerere, Dar es Salaam na Nairobi.

Makerere: chuo kinatoka nje

Mnamo Novemba 1962, wanafunzi wa Makerere waliigiza The Black Hermit ya Ngũgĩ wa Thiong'o katika jumba la taifa la maonyesho jijini Kampala. Mchezo ulikuwa wa Kiingereza, na jumba lilikuwa la mjini. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1965, chuo hichohicho kilianzisha kikundi cha maonyesho ya kusafiri. Wanafunzi walifanya mazoezi chuoni, kisha wakaondoka na michezo mifupi kwa Kiingereza na kwa lugha za Kiafrika, wakiigiza bila kutoza kiingilio. Pasipo jukwaa la kudumu wala pazia, mwigizaji alilazimika kutegemea sauti na mwili wake. Hata hivyo, kazi ilianza chuoni na kuishia kijijini. Hadhira iliipokea ikiwa tayari imeshatengenezwa.

Dar es Salaam: sauti moja yenye wengi ndani yake

Masomo ya sanaa za maonyesho yalianza Dar es Salaam mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Siasa ya Ujamaa iliutaka ushairi jukwaani, na jibu la haraka lilikuwa ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizipa umbo lililoenea mashuleni. Ngonjera iliupa ushairi wahusika na majibizano. Lakini hitimisho lake kwa kawaida lilijulikana mapema: asiyejua hubishana na ajuaye, akaelimishwa, kisha wote wakaafikiana.

Ukumbi wa chuo ulikuwa na nafasi ya kuuliza swali gumu zaidi: itakuwaje mabishano yasipomalizika, na yote yakiwa ndani ya mtu mmoja? Ebrahim Hussein, aliyekwisha kujulikana kwa Kinjeketile (1969) na Mashetani (1971), alilikabili swali hilo katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, zilizochapwa pamoja mwaka 1976. Hapa jukwaa ni la mtambaji mmoja, anayesimulia na kuigiza kwa lugha yenye mapigo ya kishairi. Anayezisoma kama tamthilia ya kawaida atawatafuta wahusika wanaopokezana maneno. Anayezisoma kama utenzi atatafuta vina na mizani. Zikitambwa kwa sauti, ugumu huo hupungua, kwa kuwa pumzi ya mtambaji ndiyo inayogawa mistari na kuwatenganisha wasemaji.

Jambo hili linaugusa mgogoro wa ushairi moja kwa moja. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo waliuliza kama maandishi yasiyo na vina na mizani yanastahili kuitwa shairi. Katika kitabu, swali hilo hujibiwa kwa kuhesabu silabi. Ukumbini hujibiwa na sikio: je, mpangilio wa maneno unaibeba sauti, au unaiangusha? Si sadfa kwamba katika miaka hiyohiyo waandishi wa jukwaa waliurudia utambaji, ngoma na nyimbo. Harakati za Ukombozi (1982), iliyoandikwa kwa pamoja na Amandina Lihamba, Ndyanao Balisidya na Penina Muhando, pamoja na Lina Ubani (1984) ya Muhando, ni matunda ya mazingira ambamo umbo lilijaribiwa na watu wengi kabla ya kufungwa katika jalada.

Nairobi: zoezi linapofungiwa mlango

Mfano wa Nairobi unaonyesha gharama ya ruhusa hiyo. Mnamo Februari 1982, kikundi cha Kamĩrĩĩthũ kilizuiwa kuigiza Maitũ Njugĩra, mchezo wa nyimbo wa Ngũgĩ, katika jumba la taifa la maonyesho. Kikahamia katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kuendelea na mazoezi, milango ikiwa wazi. Maelfu ya watu walikwenda kuyatazama. Kwa kuwa onyesho lilikosa kibali, zoezi likawa ndilo onyesho. Baada ya siku chache ukumbi huo nao ulifungwa, na Machi mwaka huohuo jukwaa la wanakijiji huko Kamĩrĩĩthũ likabomolewa. Dola ilikuwa imekwisha kutambua jambo ambalo wanahistoria wa fasihi wamechelewa kulitambua, kwamba kazi huanza kuwa na nguvu kabla haijakamilika.

Hitimisho na mapendekezo

Mifano hii mitatu inatufundisha kwamba ukumbi wa mazoezi haupimwi kwa idadi ya viti vyake. Unapimwa kwa uhuru wa kukosea mbele ya watu na kurekebisha. Kwa watunga sera tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kumbi za vyuo zitengewe fungu la mafunzo na utafiti, zisilazimishwe kujilipia kwa kukodishwa kwa sherehe na mikutano. Chumba chenye mteja kila jioni hakina nafasi ya jaribio. Pili, kanuni za vibali zitofautishe zoezi na onyesho la biashara, na uamuzi wa kufunga ukumbi wa chuo usitolewe bila sababu za maandishi zinazoweza kupingwa. Tatu, vyuo vyetu vihifadhi sauti, picha, madaftari ya waongozaji na kumbukumbu za waigizaji wa kizazi hicho wangali hai. Vitabu vyao tunavyo. Namna walivyovitamka imo vifuani mwa watu wanaozidi kupungua, na kila mwaka unaopita bila kurekodi unapunguza kile ambacho mtafiti wa kesho ataweza kukithibitisha.