Umeme wa kibanda unakatika na kurudi? Tafuta unapopotelea

Wengi wenu mnaofanya biashara Jinja na Mbale hamna mita yenu wenyewe. Kontena la saluni, kibanda cha chipsi au gari lililogeuzwa duka hupata umeme kwa waya unaotoka kwenye soketi ya mwenye nyumba. Umeme ukianza kukatika na kurudi, lawama nazo huanza: yeye anasema unatumia sana, wewe unadhani anakuzimia. Kabla hamjagombana, na kabla hujamlipa fundi, jua kwanza umeme unapotelea wapi.

Mwombe mwenye nyumba achomeke taa kwenye soketi iliyo jirani na yako. Kibanda kikizimika, uliza kama taa ile inawaka. Ikiwa nayo imezimika, angalieni breka, kisha kama uniti za Yaka zimeisha, halafu kama majirani wana umeme. Mtaa mzima ukiwa gizani, wa kupigiwa ni UEDCL, iliyochukua usambazaji kutoka Umeme tarehe 1 Aprili 2025. Kuishi Jinja, karibu na bwawa la Nalubaale lililofunguliwa mwaka 1954, hakusaidii kitu. Umeme wako nao unapita kwenye nguzo na transfoma kama wa watu wengine.

Taa ya mwenye nyumba ikibaki inawaka, tatizo liko kwenye soketi yako, waya wako au ndani ya kibanda. Sasa angalia umeme hukatika lini.

Ukikatika waya unapoguswa au upepo unapovuma, kuna kiungo kilicholegea. Ukikatika unapowasha kifaa kikubwa, kisha ukarudi wenyewe baada ya muda, kuna mahali panapopata joto. Fyuzi haifanyi hivyo: ikiungua, umeme haurudi mpaka uibadilishe. Zima swichi kwa mwenye nyumba, chomoa plagi, kisha uikague. Plagi ya moto, plastiki iliyobadilika rangi au harufu ya kuungua inakuonyesha mahali penyewe. Kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa solotepu kitalegea tena hata ukikifunga upya. Nunua waya mzima.

Tena nunua waya mnene. Plagi ya kawaida ya Uganda yenye fyuzi ya ampea 13, kwa volti 240, hubeba takriban wati 3,100. Mashine ya kukaushia nywele ya wati 2,000 na birika la wati 2,000 haziwezi kuwashwa pamoja. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75, ule wa taa na redio, hubeba ampea 6 tu, yaani kama wati 1,400. Ukiweka fyuzi ya 13 kwenye waya huo, fyuzi itabaki salama na waya ndio utakaoungua. Usiache ekstensheni ikiwa imezungushwa kama kamba, maana joto halina pa kutokea. Na usiweke kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi.

Ukikatika wakati wa mvua, maji yameingia kwenye soketi au kiungo. Usiguse chochote ukiwa umesimama kwenye maji. Mbale, ambako mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Julai 2022, weka soketi juu ukutani, kamwe si sakafuni.

Usiitegemee sana testa. Waya wa nutro ukiwa umekatika, testa bado huwaka, kifaa hakifanyi kazi, na waya bado unaweza kukuua. Taa zikiwaka kupita kawaida, huku nyingine zikififia, chomoa kila kitu mara moja na mwite fundi. Huenda nutro ya nyumba nzima imelegea. Friji nayo, umeme ukirudi, subiri dakika tano kabla ya kuiwasha.

Fundi unayemwita awe na kibali cha ERA, na unaweza kumwomba akuonyeshe. Akikushauri kuunganisha waya kabla ya mita ili usilipe, mkatalie. Huo ni wizi wa umeme, na Sheria ya Umeme iliongezewa adhabu mwaka 2022.